Njia Kabla ya Nia
Mhadhara wa wazi juu ya mazoezi, mazoea na kujitawala



Nianze na lugha, maana Kiswahili kilikwisha kusema zamani jambo ambalo wanasaikolojia wamelitafuta kwa miaka mingi kwa madodoso na vipimo. Tunasema "mazoezi". Neno hili limetokana na kuzoeza, na kuzoeza kumetokana na kuzoea. Kwa asili yake, basi, mazoezi ni yale yanayomzoeza mtu, na mazoea ndiko anakofika. Ni maneno ya tumbo moja. Ndani yake hamna jasho wala maumivu wala kujitesa. Jioni hii nataka kusema kwamba tumelisahau neno letu wenyewe. Tumeyafanya mazoezi kuwa jambo la ushujaa, tunashindwa kwa sababu hiyo, kisha tunajilaumu kwa kosa lisilo letu.

Mtaani kwetu kuna mama anauza maandazi. Huamka saa tisa usiku, hukanda unga, huwasha jiko, na ikifika saa kumi na mbili asubuhi ndoo imejaa naye yuko kituoni. Amefanya hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini, masika na kiangazi, na kwa fedha hiyo amesomesha watoto wanne. Miaka michache iliyopita alipimwa akaonekana ana presha, na sukari nayo imeanza kupanda. Akaambiwa apunguze chumvi na afanye mazoezi. Aliporudi miezi mitatu baadaye hakuwa amefanya, na akaambiwa mbele ya wagonjwa wenzake kwamba ni mvivu na hajipendi. Alinisimulia haya akiwa na machozi. Aliniuliza, "Mwanangu, mimi mvivu?"

Swali hilo sijaweza kulisahau, na mhadhara huu ni jibu langu kwake. Ikiwa kujitawala maana yake ni kuufanyisha mwili jambo usilolitaka leo kwa ajili ya faida ya kesho, basi katika ukumbi huu hakuna anayemfikia mama huyu. Anao uwezo huo tele, ameutumia kila usiku kwa miongo miwili. Kwa nini basi dakika ishirini za kutembea zilimshinda?

Wengi watajibu kwamba hakuwa na nia. Tumelelewa na methali isemayo penye nia pana njia, na mimi siivunji; ina kweli yake katika mambo makubwa yanayofanywa mara moja, kama kujenga nyumba au kuvuka bahari kwenda kusoma. Lakini jambo la kurudiwa kila siku lina kanuni yake. Huko njia ndiyo inayotangulia, na nia huja nyuma yake.

Ushahidi ulionishawishi zaidi ulitoka Uingereza mwaka 2002. Watafiti Sarah Milne, Sheina Orbell na Paschal Sheeran waliwagawa wanafunzi wa chuo kikuu katika makundi matatu. Kundi la kwanza halikufundishwa lolote juu ya mazoezi. La pili lilisomeshwa juu ya maradhi ya moyo na jinsi mazoezi yanavyoyakinga. La tatu lilisoma hayo hayo, kisha kila mmoja akaandika siku gani, saa ngapi na mahali gani atafanya mazoezi wiki ijayo. Katika kundi la kwanza, asilimia 38 walifanya mazoezi wiki hiyo. Katika lile lililosomeshwa, asilimia 35. Katika kundi lililoandika siku, saa na mahali, asilimia 91.

Litazameni vizuri kundi la pili. Mafunzo yaliwaingia, na walipoulizwa walionyesha nia kubwa kuliko wale wa kundi la kwanza. Lakini nia hiyo haikuwatoa nyumbani. Ndiyo nia tunayoijenga sisi kwa mabango, kwa vipindi vya redio, kwa daktari kumwambia mgonjwa "fanya mazoezi" na kumwita anayefuata. Kumbe kilichokosekana ni sentensi moja yenye saa na mahali.

Kwa nini sentensi hiyo ina nguvu kiasi hicho? Kwa sababu inamwondolea mtu kazi ya kuamua. Anayeamka na kujiuliza "je, leo niende?" ameshafungua baraza, na kwenye baraza hilo usingizi una wakili hodari. Waislamu wanalijua hili. Muumini haamki akaanza kufikiri kama leo alfajiri ipo. Azana inaita, naye anainuka. Mkristo aliyezoea misa ya kwanza halali akipima faida na hasara za kengele. Dini zetu ziliuelewa moyo wa binadamu: zilijua kwamba ukimwachia mtu achague upya kila siku, siku moja atachoka kuchagua.

Kuna utafiti wa watoto ambao wengi wenu mmeusikia. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwakalisha watoto wa shule ya awali mbele ya kitu kitamu na kuwaahidi kwamba atakayesubiri atapewa viwili. Habari iliyoenea duniani ni kwamba waliosubiri walikuwa na utashi wa chuma, na kwamba utashi huo ukawafikisha mbali maishani. Utafiti wa mwaka 2018 uliopima watoto zaidi ya 900 ulionyesha kwamba uhusiano huo ni mdogo kuliko ulivyodhaniwa, na kwamba sehemu kubwa yake inaelezwa na hali ya nyumba alikotoka mtoto. Lakini kuna jambo Mischel mwenyewe aliliona ambalo halikupata sifa ya kutosha. Watoto waliofaulu kusubiri hawakukitolea macho kile kitamu kwa kukaza meno. Walifumba macho, waligeuka ukutani, walijiimbia. Walikiondoa mbele yao.

Watu wazima ni hivyo hivyo. Mwaka 2012 Wilhelm Hofmann na wenzake walichapisha utafiti uliofuatilia watu wazima 205 nchini Ujerumani, wakiwauliza mara kadhaa kwa siku kupitia vifaa vya mkononi ni tamaa gani inawasumbua wakati huo. Ungetarajia wale wenye kujitawala sana wawe ndio wanaopigana na vishawishi vingi na kuvishinda. Ikawa kinyume: walikutana na vishawishi vichache zaidi. Maisha yao yalipangwa kiasi kwamba mapambano yenyewe hayakutokea mara nyingi. Kwa hiyo tunapomwona jirani anakimbia kila asubuhi na tukasema "huyu ana moyo," tunamsifu kwa kitu ambacho pengine hakitumii. Raba zake ziko mlangoni, mwenzake anamgongea saa kumi na moja alfajiri, na analala saa tatu usiku. Hana vita ya kushinda.

Niwaombe pia tuache kuuita uvivu ugonjwa. Kule pembezoni mwa Ziwa Eyasi wanaishi Wahadzabe, ambao baadhi yao hadi leo huwinda na kuchimba mizizi. Watafiti waliowavalisha vipimo vya mapigo ya moyo walikuta wanatumia wastani wa zaidi ya saa mbili kwa siku katika mwendo wa kutosha kuyaharakisha mapigo hayo. Lakini utafiti wa 2020 ulionyesha kwamba hupumzika karibu saa kumi kwa siku, wakiwa wameketi au wamechuchumaa. Mhadzabe hakimbii ili apunguze kitambi. Anakwenda kufuata asali, akiipata anarudi kukaa kivulini. Mwili wa binadamu umejengwa hivyo, utumie nguvu pale penye sababu na uitunze pale pasipo na sababu. Unapokataa kutoka kitandani kwenda kuzunguka uwanja mtupu, unafanya kile ambacho miili ya babu zetu ilifanya ili waishi. Tatizo ni kwamba sababu za kutembea zimeondolewa maishani mwetu, na tukaambiwa tuzirudishe kwa utashi peke yake.

Daktari Jeremy Morris wa London alilionyesha hili mwaka 1953 kwa namna ambayo kila abiria wa daladala ataielewa. Alilinganisha madereva na makonda wa mabasi ya ghorofa. Walitoka tabaka moja, walifanya kazi shirika moja, walivaa sare zinazofanana. Dereva alikaa zamu nzima. Konda alipanda mamia ya vidato vya ngazi za basi kwa siku akikata tiketi. Makonda walipata maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva. Konda hakuwa na nia ya mazoezi hata kidogo. Alikuwa na ngazi. Morris mwenyewe aliishi miaka 99.

Sasa turudi kwenye kuzoea, ambako ndiko uliko moyo wa mada. Kuna hesabu ya siku 21 inayozunguka kila mahali: fanya jambo siku 21 na limekuwa tabia. Hesabu hiyo inatokana na kitabu cha 1960 cha Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliyeona kwamba wagonjwa wake huchukua angalau siku 21 kuizoea sura mpya kwenye kioo. Hakuwa akizungumzia kukimbia. Neno "angalau" likadondoka njiani, na leo watu wanafika siku ya 22, wanaona kuamka bado ni kugumu, wanahitimisha kwamba wao wana kasoro.

Phillippa Lally na wenzake wa University College London, UCL, waliamua kupima badala ya kukisia. Watu 96 walichagua kila mmoja jambo moja dogo la kula, kunywa au mazoezi, wakalifunga kwenye tukio la kila siku, kama baada ya kifungua kinywa au kabla ya chakula cha jioni, kisha kwa siku 84 wakawa wanajibu maswali ya kupima ni kwa kiasi gani jambo hilo sasa linajifanya lenyewe. Wastani wa katikati ulikuwa siku 66. Lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno: wa haraka alifika kwa siku 18, na wa mwisho alikadiriwa kuhitaji siku 254. Na waliochagua mazoezi walichukua muda mrefu zaidi, takriban mara moja na nusu ya wale waliochagua kunywa maji au kula tunda.

Nayapenda matokeo haya kwa sababu yana huruma. Yanamwambia mtu wa mwezi wa pili kwamba hajachelewa. Yanaonyesha pia kwamba kuzoea kunapanda kwa kasi siku za mwanzo, kisha kunapunguza mwendo na kutulia, kama maji yanavyojaa bakuli jembamba chini na pana juu. Na lipo jambo la tatu, ambalo kwangu ni kubwa kuliko idadi ya siku: aliyekosa siku moja hakurudi nyuma kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Mstari wake uliendelea kupanda kesho yake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mama wa maandazi hakufahamu utafiti huo, wala sikumhutubia. Tulikaa tu barazani kwake tukitafuta mahali ambapo dakika ishirini zinaweza kujipachika. Alfajiri haikuwezekana, yuko jikoni. Jioni ana vikoba, wajukuu na maharage ya kesho. Lakini kila siku saa tatu asubuhi ndoo ikiisha, hupanda bajaji kurudi nyumbani. Hapo ndipo tulipopata njia. Ndoo tupu ikawa azana yake. Ndoo ikiisha, anamfuata mwenzake wa chapati upande wa pili wa barabara, wanarudi kwa miguu kwa kupitia njia ya shule. Hakuna kuvaa traksuti, hakuna kuamua. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Wao, kwa siku sita, wanakaribia hapo.

Alinipa taarifa kwa namna yake. Wiki za kwanza alisema magoti yanauma. Baada ya mwezi alisema wanazungumza sana njiani. Ilipokaribia miezi mitatu alisema jambo lililonifurahisha kuliko takwimu zote: siku ambayo mwenzake aliugua, yeye akapanda bajaji, alijisikia kama amesahau kitu kituoni. Hapo ndipo nia ilipozaliwa, na ilizaliwa na njia.

Msidhani kwamba hili ni la watu wa kawaida tu na kwamba mabingwa wana utashi wa aina nyingine. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, Eliud Kipchoge wa Kenya alikimbia masafa ya marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Hakukimbia peke yake. Wakimbiaji 41 walipokezana kumwekea mwendo na kumkinga upepo. Na kabla ya hapo ilikuwapo kambi ya Kaptagat, ambako yeye, tajiri na bingwa wa Olimpiki, aliishi na wenzake siku za kazi, alifanya zamu ya usafi kama wengine, alitoka mbio pamoja nao alfajiri, na aliandika kila zoezi katika daftari. Mtu mwenye sifa ya kujitawala kuliko wanariadha wote wa zama zake alijizungushia saa maalumu, wenzake, kocha na daftari. Kama yeye hakuutegemea utashi mtupu, sisi tunautegemea kwa nini?

Wengi hutafuta njia kwa kununua. Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier walichapisha mwaka 2006 uchunguzi wa majimu nchini Marekani. Wanachama wa mkataba wa zaidi ya dola 70 kwa mwezi walihudhuria kwa wastani mara 4.3 tu kwa mwezi, sawa na dola zaidi ya 17 kila safari, ilhali wangeweza kulipa dola 10 kila safari kwa kadi ya safari kumi. Ndiyo Januari yetu. Tunalipa ada ya mwaka kwa ajili ya mtu tunayetumaini kuwa, kisha jimu iko ng'ambo ya foleni ya saa nzima. Fedha haigeuki kuwa mazoea. Afadhali uwanja wa vumbi ulio karibu na mlango wako.

Nimesema panga saa. Sasa lazima niweke tahadhari, maana nisingependa mwondoke na sheria ngumu itakayowavunja. Watafiti wakiongozwa na John Beshears waliwalipa wafanyakazi wa Google wafanye mazoezi. Baadhi walilipwa wakienda katika saa waliyojichagulia tu, wengine walilipwa wakienda saa yoyote. Malipo yalipokoma, waliozoea saa yoyote ndio walioendelea kwenda zaidi. Wale wa saa maalumu walikuwa waaminifu kwa saa yao, ila ikiwapita, siku nzima imekwenda. Kwa hiyo kuwe na saa, na kuwe na saa ya akiba. Mvua ya masika ikinyesha alfajiri, jioni ipo. Mwezi wa Ramadhani ukiingia, mwendo wa baada ya magharibi ni halali kama wa asubuhi.

Hapa ndipo wengi wetu tunapopotelea, pale pa kukosa. Wanasaikolojia Janet Polivy na Peter Herman wa Kanada walieleza jinsi mtu aliyejinyima chakula, akionja kidogo tu kilichokatazwa, anavyosema moyoni "nimeshaharibu" na kula bila kikomo. Mazoezi nayo ni hivyo. Jumanne umekosa kwa sababu ya msiba. Jumatano ungeweza kwenda, lakini aibu imeingia. Wiki ikipita unamkwepa hata yule mliyekuwa mkikimbia naye. Unabadilisha njia ya dukani usikutane naye. Si uchovu uliokuzuia. Ni aibu, na aibu hiyo tumeipanda sisi kwa kumwita kila aliyekatisha mvivu.

Mwaka 2021 jarida la Nature lilichapisha jaribio kubwa lililoongozwa na Katherine Milkman: wanachama 61,293 wa jimu nchini Marekani, na programu 54 tofauti za kuwahimiza kwa wiki nne. Iliyofanya vizuri kuliko zote ilitoa zawadi ndogo sana, thamani ya senti chache, kwa mtu anayerudi baada ya kukosa siku aliyopanga. Haikuwa zawadi kwa asiyekosa kamwe. Wiki nne zilipokwisha, programu nyingi hazikuacha alama inayopimika, na hilo nalo ni kweli ya kukumbuka: wiki nne hazimzoezi mtu. Lakini mimi nimeshika lile la kurudi. Tumewafundisha watu kuanza, kila Januari tunawafundisha tena, kurudi hatujawafundisha.

Vikundi vyetu vya jogingi vya Jumamosi, vile vinavyopita mitaani Dar es Salaam vikiimba na fulana za rangi moja, vina dawa hiyo mikononi. Nimeona kikundi kinachotoza faini kwa asiyefika. Nakihurumia, maana mwenye deni la faini hufanya hesabu na kubaki kitandani. Nimeona kingine ambako asiyefika mara mbili hufuatwa nyumbani na wenzake wawili, wanagonga, wanauliza kama kuna mgonjwa, na ikiwa hakuna wanamsubiri avae raba. Kikundi cha aina hii ndicho ninachokiamini.

Wenzetu wa serikali za mitaa mliopo hapa, nina ombi kwenu pia. Kigali tangu 2016 imekuwa ikifunga baadhi ya barabara kwa magari Jumapili maalumu, na watu wanatoka kwa maelfu kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli. Serikali ilifungua njia, na nia za watu zikaonekana. Mtaani kwetu, njia ya shule anayopita mama wa maandazi haina sehemu ya watembea kwa miguu; yeye na mwenzake hutembea ukingoni mwa mtaro, pikipiki zikiwapita begani. Uwanja pekee uliokuwa karibu umezungushiwa ukuta. Msimwambie mwananchi afanye mazoezi kabla hamjampa mahali pa kuweka mguu.

Na nyote mliobaki, nina ombi moja. Kila mmoja wetu anamjua mtu aliyekuwa akitembea au akikimbia, akakatisha, na sasa anaona haya. Usiku wa leo mpigie simu. Usimuulize kwa nini aliacha. Mwambie saa, mwambie mahali, na kesho uwe wewe wa kwanza kufika.